Miche 2,000 isubiri kwanza

Swali: Sisi ni kikundi cha mazingira cha mtaa mmoja kaskazini mwa Dar es Salaam. Mtaani kwetu kuna eneo lililoachwa, kama ekari sita. Upande mmoja yalikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe, na sasa yana mabwawa mawili ya maji. Upande wa pili ilikuwa gereji ya malori, na baadaye watu wa skrepa walikuwa wakiyeyusha betri hapo mpaka wakafukuzwa. Mwenyekiti wa mtaa ameturuhusu kulitumia eneo hilo, na mfadhili ametuahidi miche 2,000 kabla ya masika. Tumesikia habari za Haller Park ya Mombasa, bustani iliyooteshwa ndani ya machimbo ya saruji. Tuanze na miti gani, na itachukua muda gani ndege na viumbe wengine warudi?

Jibu: Ndugu katibu, kabla ya lolote mwandikie mfadhili wenu umwombe miche isiletwe yote masika haya. Najua ni vigumu kusukuma mbali kitu cha bure, na pengine mgeni rasmi ameshaalikwa na fulana zimeshachapishwa. Lakini umenieleza maeneo mawili ndani ya swali moja, na shida zake zimepishana kabisa. Machimbo yamepungukiwa: hayana udongo, hayana kivuli, hayana mbegu. Gereji imezidishiwa: ina oili chafu, ina dizeli, na kama kweli betri ziliyeyushwa hapo, ina madini ya risasi. Kwenye machimbo kazi yenu ni kuongeza. Kwenye gereji ni kuondoa, au kufunika kisichoondoka. Mche mmoja hauwezi kufanya kazi zote mbili.

Kwa kuwa mmeitaja Haller Park, tuanzie huko, maana watu huisimulia kutokea mwisho: kiboko Owen aliyemzoea kobe Mzee baada ya tsunami ya Desemba 2004, twiga wanaolishwa kwa mkono, mabasi ya wanafunzi. Mwanzo wake ulikuwa wa kukatisha tamaa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, kikichimba matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe ya chokaa. Ilipofika 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kampuni hiyo tangu 1959, alianza kujaribu kuotesha miti ndani ya mashimo yaliyokwisha kazi. Alichokikuta ni mwamba mtupu, mweupe, unaokurudishia jua usoni, na chini kidogo ya sakafu yake maji ya chumvichumvi.

Alijaribu aina 26 za miti. Zikasimama tatu: mnazi, mvinje, na mti wa Kisomali uitwao damas. Uliobeba mzigo ni mvinje. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni hewani, kwa hiyo hausubiri udongo wenye rutuba, na chumvi unaivumilia. Mtakapouotesha wenyewe, chukueni udongo kidogo chini ya mivinje iliyokomaa, mahali safi, mkauchanganye kwenye viriba. Bakteria hao hawapo kwenye mwamba. Msipowaleta, mche utakaa umedumaa na mtalaumu ukame.

Halafu mivinje ikakua na shida nyingine ikajitokeza, ambayo kwangu ndiyo sehemu yenye maana kuliko zote katika habari ya Bamburi. Majani yake membamba yalianguka yakarundikana bila kuoza. Yana tanini nyingi, kemikali yenye ukakasi, na karibu hakuna kiumbe pale aliyeyataka. Msitu ulikuwa umesimama juu ya zulia kavu, na chini ya zulia mwamba uleule. Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna majani hayo. Wakakusanywa jongoo kwa mamia, wakaachiwa humo. Kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo, na udongo ndio ulioruhusu miti ya asili kupandwa chini ya kivuli cha mivinje, ambayo baadaye ilipunguzwa kwa kukatwa na kuuzwa.

Kwa hiyo mkija kunionyesha eneo lenu, sitawauliza mmepanda miti mingapi. Nitawauliza nani anakula majani yanayoanguka. Sisi watu wa mjini tunapenda kufagia, na uwanja uliofagiliwa asubuhi ni heshima ya nyumba; sina ugomvi na hilo nyumbani. Lakini nimeviona vikundi vikipanda miti Aprili, vikifagia majani yake Juni na kuyachoma moto Jumamosi ya usafi, kisha vikishangaa kwa nini ardhi haibadiliki. Kwenye machimbo yenu ufagio upigwe marufuku. Majani, maganda ya ndizi kutoka sokoni, matawi yaliyokatwa na watu wa umeme, vyote viingie shimoni, ilimradi havina plastiki. Na jongoo mnao tayari chini ya miembe ya jirani. Wapeni watoto ndoo.

Haller Park ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1984, na mwaka 1987 Haller akaingizwa katika orodha ya heshima ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka kumi kabla ya mgeni wa kwanza kukata tiketi. Na aliyekuwa analipa ni kampuni ya saruji, yenye hati ya ardhi, vitalu, magari na wafanyakazi wa mishahara. Wakosoaji husema bustani ile inasafisha sura ya tasnia iliyochimba shimo lenyewe, nami siwapingi sana. Lakini jambo linalowahusu ninyi ni jingine. Shimo la Bamburi lilikuwa safi. Lilikuwa jiwe. Hakuna aliyewahi kuyeyusha betri ndani yake.

Hapo tuje upande wa gereji, na hapa naomba uisome barua hii pamoja na kamati nzima.

Huko huko Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kupata risasi. Kilifungwa mwaka 2014 baada ya wakazi kupiga kelele kwa miaka. Watoto walikuwa wameshakutwa na risasi katika damu. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na eneo lisafishwe. Kesi ikapanda rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikawapa wakazi ushindi. Ona mpangilio wa miaka: kiwanda kilifungwa 2014, na miaka kumi baadaye watu bado walikuwa mahakamani wakidai udongo wao usafishwe. Risasi haiozi. Mvua haiimalizi, jua haliichomi, na bakteria hawaili. Hukaa kwenye sentimita chache za juu za udongo, palepale watoto wanapocheza, na huingia mwilini kwa vumbi na kwa mikono isiyonawiwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Mafuta ni habari tofauti, na hapa kuna nafuu. Dizeli na oili ni chakula kwa bakteria fulani waliomo kwenye udongo wowote, wakipewa hewa, unyevu na mbolea. Mkilima tuta la udongo wenye mafuta, mkachanganya samadi na maranda ya mbao, mkaligeuza mara kwa mara na kulimwagia maji kiasi, harufu itapungua miezi ikipita, na joto la Dar linaharakisha kazi hiyo. Seattle, Marekani, walifanya kitu cha namna hiyo kwenye kiwanda cha gesi kilichofungwa mwaka 1956. Mbunifu wa mandhari Richard Haag aliiacha mitambo yenye kutu isimame, akashughulikia udongo kwa kuulima na kuuchanganyia vitu vinavyooza, na bustani ikafunguliwa mwaka 1975. Inapendwa hadi leo. Lakini mwaka 1984 ilibidi ifungwe kwa muda ili ipimwe upya, kwa sababu masalia mazito ya lami yalikuwa bado chini. Dizeli huliwa haraka. Lami nzito hakuna anayeila kwa urahisi, hata bakteria.

Utasikia watu wakikwambia mpande alizeti au mianzi ivute risasi ardhini. Nimeulizwa hilo mara nyingi. Mimea inavuta kidogo sana, kwa sababu risasi hung'ang'ania chembe za udongo, na hicho kidogo kinachovutwa hubaki zaidi kwenye mizizi, kingine kikapanda kwenye mashina na majani. Sasa una alizeti yenye sumu, na mbuzi wa jirani anaitazama. Kwa eneo la ukubwa wenu, dawa ya kawaida ni kukwangua udongo wa juu pale palipochafuka zaidi na kuupeleka mahali panaporuhusiwa, kisha kufunika panapobaki kwa kitambaa kizito cha ujenzi na udongo safi, na juu yake kuotesha majani yanayoshika vumbi. Ujerumani, kwenye kiwanda cha chuma cha Meiderich mjini Duisburg kilichozimwa mwaka 1985, hawakujaribu kuhamisha sumu yote. Sehemu mbaya zaidi ya udongo ilifungiwa ndani ya maghala ya zege yaliyokuwepo, na bustani ya hekta 180 iliyobuniwa na Peter Latz ikafunguliwa mwaka 1994. Watu wanapanda kuta za kiwanda kwa kamba na kuogelea chini ya maji katika tangi la gesi la zamani. Sumu ipo. Imefungiwa mahali panapojulikana na kuandikwa kwenye ramani.

Basi kazi ya kwanza si jembe, ni daftari. Tafuteni wazee, madereva wa zamani, mlinzi wa zamu ya usiku, mama aliyekuwa akiuza chai getini. Waulizeni: tanuri lilikuwa wapi? Betri zilipasuliwa upande gani, na asidi ilimwagwa wapi? Shimo la kukagulia magari lilikuwa wapi? Chorea ramani majibu yao, hata kama yanapingana. Kisha gawanyeni eneo vipande, chukueni kwenye kila kipande viganja kadhaa vya udongo wa juu kutoka sehemu tofauti, mchanganye, muweke kwenye mfuko safi wenye namba. Pelekeni kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au maabara ya chuo chenye uwezo wa kupima metali, na muombe risasi, kadmiamu na aseniki kwa jina. Mkisema tu "tupimieni udongo" mtaletewa rutuba na kiwango cha tindikali. Kwa kulinganisha, Marekani kwa miaka mingi ilitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo kama alama ya tahadhari kwenye makazi, na Januari 2024 ikaishusha hadi 200. Wajulisheni pia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Uchafuzi wa aina hii ni kazi yao kisheria, na barua yenu yenye muhuri wa kupokelewa itawasaidia siku mtu akiwauliza mlijua nini na lini.

Kuna jambo haliwezi kusubiri maabara. Watoto wasicheze upande ule, kuanzia leo. Na kama kuna familia zilizoishi ukutani kwa tanuri, au vijana waliofanya kazi ya kupasua betri, waelezeni waende hospitali waombe kupimwa risasi kwenye damu. Mboga zisilimwe hapo kabisa. Najua mchicha hustawi kando ya maji taka na watu huununua. Kwenye udongo wa gereji ile, usilimwe.

Nije kwenye ruhusa. Umesema mwenyekiti wa mtaa amewaruhusu. Mwenyekiti ni mtu muhimu na msimkwepe, lakini hana mamlaka ya kugawa ardhi. Nendeni kwa Afisa Ardhi wa manispaa mkaulize hati iko kwa nani na ramani ya mipangomiji inasema eneo hilo ni la matumizi gani. Dar ina maeneo ya wazi mengi yaliyokuwa wazi kwenye ramani tu. Ardhini yana kuta, baa na vituo vya mafuta. Mkipendezesha shimo bila karatasi, mtakuwa mmempandishia bei mtu mwingine. Ni swali baya kumuuliza jirani mwema, lakini liulizwe: miti ikishakua, nani ataitwa mwenye eneo? Wakaazi wa Berlin walipigana kwa miaka kuizuia serikali isijenge tena reli juu ya Südgelände, yadi ya treni iliyoachwa mwaka 1952, na ikafunguliwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 2000. Hekta 18 hivi, katikati ya jiji.

Na Südgelände ina somo jingine kwenu: pale hakuna aliyepanda msitu. Ulijiotesha kati ya mataruma ya reli kwa muda wa karibu nusu karne, na wataalamu wakaja baadaye kuhesabu kilichomo. Kabla hamjaleta mche hata mmoja kwenye machimbo, zungukeni muone kilichokwisha kujiotea kwenye nyufa. Naweza kubashiri mtaukuta mkuyu mdogo au mmoja wa jamii zake, umebana ukutani, umeletwa na popo au ndege. Huo msiung'oe kwa kisingizio cha usafi. Mti wa jamii ya mkuyu kwenye mwamba wa matumbawe una thamani kuliko miche mia ya mapambo, kwa sababu ukizaa huwaita ninga, hondohondo na popo, na kila mgeni anayekuja kula anaacha mbegu alizokula kwingine. Simikeni pia nguzo kavu chache zenye matawi katikati ya shimo, ndege wapate pa kutua. Ndege aliyetua hudondosha. Chini ya nguzo ile mtakuta kitalu ambacho hamkukilipia.

Kuhusu aina za miti, mvinje unafaa kuanzia, kwa vikundi vidogo vyenye nafasi, wala msijaze shimo zima. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki na Australia; mfanyeni kibarua, asibaki mwenye nyumba. Chini yake, misimu miwili mitatu baadaye, ingizeni mkwaju, mtalawanda, mbuyu, mkoma, na jamii za mkuyu. Kama mfadhili ameandika mti unaokua haraka sana na kuvumilia kila kitu, muulizeni jina lake la kitaalamu. Kenya waliupanda mathenge Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukatapakaa mpaka ukafunga njia na malisho, na mwaka 2006 wafugaji wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno, kwa madai kuwa maganda matamu ya mti huo ndiyo yaliyoyaozesha.

Mabwawa msiyafukie. Ndiyo mali yenu kubwa pale, ila kwa sasa ni hatari mbili: mbu na kuzama. Ukingo wa machimbo hukatika wima, mtoto akiteleza hana pa kushika. Vunjeni ukingo upande mmoja uwe mteremko wa taratibu, na kuta ndefu ziwekewe uzio wa miti ya miiba. Pimeni chumvi ya maji kabla ya kumwagilia chochote. Kisha wekeni perege. Wanakula viluwiluwi vya mbu, na Bamburi nao walifuga samaki mapema kabisa. Madimbwi madogo yanayotokea na kukauka ndiyo hatari kwa malaria kuliko bwawa lenye samaki, kwa hiyo hayo ndiyo ya kufukia kwa kifusi safi.

Umeuliza ndege watarudi lini. Wa kwanza wataanza kuja ndani ya mwaka, na msifurahi sana, kwa sababu atakuwa kunguru wa Kihindi, yule aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ale takataka na hajawahi kuondoka. Yeye huja palipo na jalala. Bwawa likiwa na samaki na ukingo wenye majani, mdiria na yangeyange hawachelewi, hata kabla miti haijafika kiunoni. Chozi hufuata maua. Wala matunda kama ninga na hondohondo husubiri miti izae, na hapo tunazungumzia miaka, pengine kumi kwa ile inayochelewa. Chini kabisa, mahali ambapo hamtaangalia, jongoo na mchwa watakuwa wamewatangulia wote.

Kwa mfadhili, kwa hiyo, ningeandika hivi: masika haya tunaomba miche 200 tu, nusu mivinje na nusu miti ya asili, kwa ajili ya machimbo peke yake, iliyobaki ibaki kitaluni hadi majibu ya udongo yatoke na hati ijulikane. Fedha za usafiri na sherehe zihamishiwe maabara. Akikubali, mna mfadhili mzuri. Majibu yakitoka nitumie namba za risasi za kila kipande pamoja na ramani mliyochora na wazee, nikuonyeshe kipande kipi kifunikwe kwanza na kipi kinaweza kuanza kulimwa tuta la kutibu mafuta.